Kutimiza masharti ya kibali cha maji ya mvua kwenye mgodi wa metali: anzia juu ya mlima

Kila ninapoitwa kwenye mgodi ambao sampuli zake za maji ya mvua zimezidi viwango, wenyeji hunipeleka moja kwa moja kwenye bwawa la kutuamishia tope. Mimi huomba tupande kwanza mlimani. Mara nyingi tatizo limeanzia huko, pale maji safi yalipoachwa yateremke hadi kwenye mawe taka, yaani mawe yaliyochimbwa yasiyo na madini ya kutosha. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ya maji, toka juu mpaka kwenye chupa ya sampuli. Masharti ninayoyataja ni ya Marekani: kibali cha jumla cha maji ya mvua ya viwandani kiitwacho MSGP, cha EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, toleo la 2021, ambamo migodi ya metali imewekwa Sekta G. Majimbo mengi hutoa vibali vyake yenyewe, hivyo soma kwanza kibali kinachouhusu mgodi wako.

Hatua ya 1: Tembea mvua ikinyesha

Vaa buti, chukua ramani na kalamu za rangi tatu. Bluu ni maji ambayo hayajagusa kitu cha mgodi. Nyekundu ni maji ya mvua yaliyopita kwenye mawe taka, mbale (mawe yenye madini), makinikia (mbale iliyosagwa na kuchujwa), karakana au barabara za malori. Njano ni maji yanayosukumwa kutoka shimoni au yanayotoka kwenye bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya kuchenjua mbale.

Usiyachanganye ya njano na ya nyekundu. Maji ya shimoni yana viwango vya lazima katika Sehemu ya 440 ya kanuni za shirikisho za mazingira, na yanahitaji utaratibu wake. Uliza pia barabara zimejengwa kwa mawe gani. Barabara iliyojazwa mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa) huchafua maji kwa urefu wake wote, na kwenye ramani huonekana kama barabara tu.

Hatua ya 2: Geuza maji safi kabla hayajachafuka

Hapa ndipo ningetumia fedha ya kwanza. Sheria ya Maji Safi ya Marekani haidai kibali kwa maji ya mvua ya mgodini ambayo hayajachafuka kwa kugusa udongo na mawe yaliyofukuliwa ili kuifikia mbale, malighafi, bidhaa au taka za eneo hilo. Mtaro mmoja uliochimbwa vizuri juu ya dampo la mawe taka unapunguza uchafuzi na papo hapo unapunguza maji unayowajibika kuyapima.

Piga hesabu uone. Milimita 50 za mvua kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 500. Mteremko wa hekta 20 ulio juu ya dampo, ukitiririsha nusu tu ya mvua hiyo, huleta mita za ujazo 5,000. Bila mtaro, zote zinapita kwenye mawe taka kisha zinaingia bwawani kwako.

Mtaro wenyewe usiwe chanzo kipya cha tope. Penye mteremko mkali tandika mawe makubwa, na mwishoni jenga kitanda cha mawe cha kuvunja kasi ya maji. Kila baada ya mvua kubwa, pita ukiangalia palipobomoka na palipoziba. Niliwahi kuona mtaro mzuri kabisa ukipasuliwa na gogo moja lililoziba kalvati. Usiku mmoja maji yote ya mlimani yakahamia kwenye dampo.

Hatua ya 3: Jua mawe yako

Tope ni adui unayemwona. Asidi huja kimya. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na maji na hewa hutoa asidi ya salfa na chuma, na pH, kipimo cha asidi majini, ikishuka, shaba, zinki na kadmiamu huyeyuka ndani ya maji. Bwawa haliwezi kutuamisha kilichoyeyuka. Ndiyo maana mawe taka yapimwe uwezo wa kuzalisha asidi kabla hayajamwagwa, na yale mabaya yatengwe na kufunikwa kwa udongo usiopitisha maji kirahisi. Rangi ya chungwa kwenye mawe ya mtaroni ni dalili ya kuchukua kipimo cha pH siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Bwawa

Watu hupenda kuchimba kina. Kinachosaidia zaidi chembe kutua ni eneo la uso wa maji na njia ndefu kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Kabla ya kujenga, jaza mtungi wa kioo maji ya tope ya eneo lako, uuache ukiutazama. Yakibaki na ukungu siku ya pili, una mfinyanzi laini ambao bwawa peke yake halitauweza. Rudi hatua ya 2 na ya 3. Simika fito yenye alama bwawani, na tope likifika alama, lizolewe.

Hatua ya 5: Sampuli

Kila robo mwaka fanya ukaguzi wa macho: chukua maji kwenye chombo kisafi kinachoonyesha ndani, katika dakika 30 za kwanza za kutiririka, na angalau saa 72 ziwe zimepita tangu mvua iliyotangulia kutiririsha maji. Andika rangi, harufu, uangavu, vinavyoelea, vilivyotua, povu na utando wa mafuta.

Kwa vipimo vya maabara vya maji ya mawe taka, viwango vya rejea ni miligramu 100 kwa lita za chembe zinazoelea majini, ukungu wa NTU 50 (NTU ni kizio cha ukungu wa maji), na pH kati ya 6 na 9. pH ipimwe pale pale, kwani lazima isomwe ndani ya dakika 15 tangu sampuli ichukuliwe. Kwa metali kadhaa, zinki mojawapo, kiwango hutegemea ugumu wa maji yanayopokea: maji yakiwa laini, metali huwadhuru samaki zaidi, na kiwango hushuka.

Hatua ya 6: Vipimo vikizidi

Kuzidi kiwango cha rejea si kosa kwenyewe. Kosa ni kukaa bila kuchukua hatua. Wastani wa robo nne ndio unaotazamwa, lakini sampuli moja ikizidi mara nne ya kiwango, kwa mfano chembe zaidi ya miligramu 400, imeshauvusha wastani wako juu ya kiwango bila kusubiri nyingine.

Ukigundua mtaro umebomoka au bwawa limefurika, anza kudhibiti siku ile ile, au siku ya kazi inayofuata ikiwa giza limeingia. Matengenezo yakamilike ndani ya siku 14. Yasipowezekana, andika sababu na ukamilishe ndani ya siku 45. Piga picha kabla na baada, zitie tarehe, kisha urekebishe ramani ya rangi tatu ndani ya mpango wako wa kuzuia uchafuzi. Mkaguzi akija ataanza na ramani hiyo, na mstari wa bluu uliochorwa mahali ambapo mtaro ulishakufa utakugharimu.