Arubuni ni arubuni: kuwakutanisha mliosoma pamoja ukiwa Italia

Ukishachaguliwa kuandaa mkutano wa mliosoma pamoja, na wewe ndiye unayeishi Italia, basi kabla hujafungua hata kundi la WhatsApp jifunze neno moja la Kiitaliano: caparra. Mimi nililijua tangu utotoni. Nimezaliwa Shela ya Malindi, na mtoto wa Malindi huitikia "ciao" kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nimekua nikiwasikia madalali wa nyumba wa barabara ya Casuarina wakilitaja caparra kutwa mara kumi. Na bado neno hilo hilo lilinila euro 1,800.

Shule yetu ilikuwa ya kimataifa, kule kule pwani ya Kenya, ndogo, mitihani ya Kiingereza. Darasa letu tulikuwa kumi na sita: watoto wa Waitaliano wa mahoteli, watoto wa Kihindi wa maduka, Waingereza wawili, na sisi wa Malindi na Lamu ambao wazazi wetu waliuza viwanja ili tuvae ile tai. Tulimaliza 2004. Miaka ishirini baadaye sita tuko Ulaya, wawili Toronto, mmoja Dubai, watano wamebaki nyumbani, na wawili hakuna ajuaye waliko. Hesabu ikapigwa: walio wengi wako Ulaya, basi tukutane Ulaya, Agosti 2024. Nani anaishi karibu na bahari? Mimi. Nani anajua Kiitaliano? Mimi tena. Nikavimba kichwa.

Nikapata nyumba kubwa ya shamba kwenye vilima nyuma ya Rimini, vyumba vinane, bwawa la kuogelea, tanuri ya kuchomea piza uani. Siku saba, euro 6,000. Mwenyewe mama mtu mzima, mpole, akaniandalia kahawa na karatasi mbili. Akataka asilimia 30 mbele. Nikatia sahihi huku nikimsimulia habari za Malindi. Kwenye karatasi palikuwa pameandikwa *caparra confirmatoria*. Nikasoma "caparra", nikaona ni malipo ya kutanguliza tu, nikatoa kadi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoangukia. Kwa Kiitaliano kuna *acconto* na kuna *caparra*, na zote mbili mtu wa kwetu atakutafsiria "advansi". Si kitu kimoja. Acconto ni sehemu ya bei uliyotanguliza. Mkataba ukivunjika hurudi kwako, na mwenye nyumba akitaka fidia ni juu yake kuthibitisha hasara aliyopata. Caparra confirmatoria iko kwenye kifungu cha 1385 cha sheria yao ya madai: ukivunja wewe, anabaki nayo, hathibitishi chochote wala hakuelezi chochote. Akivunja yeye, anakurudishia mara mbili. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayofanya watu waione ni sheria ya haki, na kweli ni ya haki, ila mnaosafirisha watu kutoka Kenya ndio mtakaovunja ninyi, si yeye. Yeye nyumba yake haiendi popote.

Kwa nini nililipa mapema vile? Kwa sababu ya viza. Wale watano wa nyumbani walihitaji viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, na viza inataka uthibitisho wa mahali pa kulala. Nyumba nayo haitoi karatasi mpaka uonyeshe pesa. Kwa hiyo pesa ikaingia kwanza, karatasi ikatoka, karatasi ikapelekwa Nairobi, na viza ikakataliwa. Wanne kati ya watano. Aliyepata ni dada mmoja anayefanya kazi benki, ambaye pasi yake ilikuwa na mihuri ya safari mbili za nyuma. Wengine waliletewa ile fomu ya visanduku, kimetiwa alama kile kinachosema kuna shaka kama utaondoka muda wako ukiisha. Ada hairudi. Nauli ya kutoka Malindi hadi Nairobi kuchukuliwa alama za vidole hairudi. Na wala usimpeleke mtu kwa konsula wa heshima wa Italia aliyeko Malindi ukidhani utapitia mlango wa uani. Viza hutolewa na ubalozi, Nairobi.

Wala si wageni waliowaharibia. Ni sisi, na wazee wetu. Mmoja wao, fundi wa mashua mwenye kazi nzuri tu, ami yake alimwambia, "Wazungu wanataka kuona akaunti imenona." Basi familia ikachanga, shilingi laki nne zikaingia kwa siku tatu, wiki moja kabla ya kutoa taarifa ya benki. Miezi mitano ya nyuma akaunti inasoma elfu nane, elfu kumi na mbili, elfu sita. Hivi ami, mtu anayekaa kaunta akisoma taarifa za benki kutwa nzima hataona hilo? Ningekuwa mimi ningemshuku pia. Wazee wangu, nawapenda, na najua mlichanga kwa moyo safi, lakini harambee ni ya harusi na hospitali. Akaunti ya viza ionyeshe maisha ya mtu yalivyo: kodi ya banda anayopokea, malipo ya wateja, hata makato ya chama. Kama gharama ni zako wewe wa Ulaya, andika barua useme wazi kwamba utamlipia, utie na karatasi zako za mshahara. Pesa ya kuazima isipite kwenye akaunti yake.

Mengine ya viza ni kawaida: ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisiwe chini ya siku 15, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, pasi iwe na miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka na kurasa mbili tupu. Sisi tuliomba mwishoni mwa Juni kwa safari ya Agosti. Jibu huchukua siku 15 lakini laweza kufika 45. Piga hesabu mwenyewe uone tulivyokuwa tunacheza.

Asiye raia wa Umoja wa Ulaya atakayelala kwako Italia, umripoti polisi ndani ya saa 48. Ndiyo, hata kama ni mamako. Ukimlaza bila kumripoti, faini ni kuanzia euro 160 hadi 1,100.

Viza zilipokataliwa tukapiga kura kwenye kundi. Wawili wakasema twende tu, tuwapigie wa nyumbani kwa video. Kukawa na kimya cha siku nzima, halafu yule fundi wa mashua akaandika, "Furahini, msijali." Hapo ndipo kila mtu aliposema hapana. Nikaendesha gari mpaka kule vilimani kumweleza yule mama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasikitika kwa dhati, akaniwekea na kipande cha keki. Kisha akatoa ule mkataba, akaweka kidole chini ya neno, hakusema kitu. Nikabishana kidogo, nikataja viza, ubalozi, ndugu zangu. Akasema, "Capisco." Naelewa. Kidole hakikuondoka.

Niseme ukweli, sikumchukia. Nilijichukia mimi kwa kudhani ninawajua Waitaliano. Sisi wa Malindi tumewaona kwa jicho moja tu, tangu walipokuja kurusha setilaiti Ngomeni miaka ya 1960, na wengine wakafuata jua wakajenga: Mtaliano wa Malindi yuko kifua wazi, anakuita "amico", rafiki, mkataba mnaufungia kwenye kahawa na anakusamehe deni la mwezi. Ukifika kwao, mtu yule yule ana shati lililopigwa pasi na anataka codice fiscale yako, namba ya kodi, kabla hajakuuzia hata kadi ya simu. Ombi lako la serikalini halitazamwi mpaka libandikwe stempu ya euro 16. Nilidhani ni ubaguzi. Baada ya miaka tisa naona wanatendeana hivyo hivyo wao kwa wao; hawaaminiani, ndiyo maana wanaandika. Sisi tunaaminiana, ndiyo maana hatusomi. Sijui nani kapata hasara zaidi, ila mwaka ule najua alikuwa nani.

Basi narudia, na usinichoke. Usilipe caparra kabla ya viza ya mwisho kutoka. Kama lazima karatasi ya malazi ipatikane, weka nafasi hotelini ya aina unayoweza kufuta bila kukatwa, na nyumba ya wote uikodi baadaye. Kama mwenye nyumba anang'ang'ania, mwambie aandike acconto, na iongezwe sentensi moja kwamba viza za wageni zikikataliwa mkataba umekufa na fedha zinarudi. Atakunja uso. Mwache akunje. Na Agosti usiiguse kabisa: ikikaribia tarehe 15, sikukuu yao ya Ferragosto, nchi nzima inafunga, hata wa kumlalamikia humpati.

Desemba nikarudi nyumbani. Shangazi alikuwa barazani anachovya viazi vya karai kwenye unga wa manjano, mmoja mmoja, kwa uma. Nikamsimulia mkasa wote. Akauliza, "Hiyo kapara ndiyo nini?" Nikaanza: unatoa pesa kushikia kitu, ukivunja wewe inakwenda... Hakuningoja nimalize. Kiazi kikabaki juu ya uma kinachuruzika.

"Si arubuni hiyo?"

Nikanyamaza.

"Mwanangu, babu yako alitoa arubuni ya shamba la Barani, akakosa fedha za mwisho, arubuni ikaliwa. Hakuna aliyekwenda kortini. Arubuni ni arubuni. Sasa wewe umesoma kwa Wazungu, umeishi kwa Wazungu, hujui arubuni?" Akakitosa kiazi kwenye mafuta.

Na kumbe si hilo tu. Nilipotafuta baadaye nikakuta ile *arra* iliyo ndani ya caparra na hii arubuni yetu tuliyopewa na Waarabu ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kisemiti. Moja imepitia kwa Wayunani na Warumi, nyingine imekuja na majahazi. Neno nililokuwa nalo mdomoni tangu mtoto. Laiti yule mama angeniandikia kwa Kiswahili, nisingetia sahihi.

Mkutano tuliufanya Januari 2025, Malindi siku tatu na Lamu siku nne, na mtu aniambie kwa nini hatukuanza na hilo. Wenye pasi ya Kenya waliingia tu. Wa kigeni wengi wanajaza kibali cha eTA mtandaoni angalau siku tatu kabla. Ada yake inaanzia dola 30. Angalia hapa: ndugu zetu waliochukua uraia wa nje kabla ya katiba ya 2010 na hawajaomba kurudishiwa wa Kenya, ninyi pia ni wageni kwa mujibu wa karatasi, hata kama kitovu chako kimezikwa mtaa wa Langoni, Lamu. Mmoja wetu wa Toronto alitaka kuzuiwa uwanja wa ndege huku akibishana kwa Kiamu safi. Lamu nendeni kwa ndege hadi Manda kisha boti, au kwa basi hadi Mokowe kisha boti. Chagueni majira ya kaskazi, bahari imetulia; wakati wa kusi, Mei na Juni, hata nyumba nyingi za wageni kule hufungwa.

Wanne wa viza walikuwepo wote. Fundi wa mashua ndiye aliyetutafutia jahazi la kwenda magofu ya Takwa na kurudi kwa mbalamwezi. Nahodha akataja bei, kisha akasema kwa upole, kama ilivyo desturi, "Basi nipeni arubuni, niwashikie siku."

Nikamwomba kalamu. Nikageuza bahasha ya biskuti, nikaandika: elfu tatu, arubuni, upepo ukichafuka zinarudi. Nikampa atie sahihi. Nahodha akaitazama ile bahasha, akanitazama mimi, akamgeukia fundi.

"Huyu mwenzenu kafanywa nini?"

"Kapara," akasema fundi, na jahazi zima likacheka kasoro mimi.