Kuchagua Kwadi ya Matope: Anza na Udongo Utakaoukanyaga

Mtu anayekusudia kununua pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo wengi wetu huiita kwadi, aghalabu huuliza kwanza injini ina cc ngapi. Swali hilo si baya, lakini lingefaa kuwa la nne au la tano. La kwanza ni udongo: mashine hii itapita wapi, na mvua ikinyesha mahali hapo hugeuka nini? Tope la uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, si tope la Mau, nyanda za juu za upande wa Nakuru, na kwadi inayopita kwa madaha katika moja huweza kulala fofofo katika jingine.

Uwanda wa Kano, hasa ukishapita Ahero kuelekea mashamba ya mpunga, una udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa pana, na masika yanapoanza mwezi wa Machi hufura na kuwa gundi. Gundi hiyo haitelezi tu, bali hushika. Hujaza mapengo ya meno ya tairi mpaka tairi likabaki laini kama mtungi, hupanda chini ya bodi na kuganda hapo, na kila hatua unayokwenda mashine huzidi kuwa nzito. Niliwahi kupeleka huko kwadi ya cc 700 yenye uzito wa zaidi ya kilo 300, nikiwa nimejiaminisha kwamba nguvu zake zitanitoa popote. Ilizama hadi kwenye vikanyagio, hatua chache tu kutoka ukingoni mwa shamba, na kilichoitoa ni jozi ya ng'ombe wa kulima, huku mwenye ng'ombe akiniuliza kwa upole mashine hiyo hulima ekari ngapi kwa siku. Tangu hapo ninashauri kwamba anayekusudia kuzunguka Kano, Nyakach au nyanda za chini za Nyando achague mashine nyepesi ya cc 400 hadi 500, yenye matairi mapana yanayoelea juu ya tope badala ya kulikata. Honda ya cc 420 yenye kuendesha magurudumu yote, kwa mfano, ina uzito wa karibu kilo 260, na wanaume wanne wenye nia njema wanaweza kuinyanyua upande mmoja na kuisogeza.

Ukipanda upande wa Nakuru, kuelekea Njoro, Molo na Kuresoi, hesabu hubadilika. Huko tope huteleza zaidi kuliko linavyoshika, na taabu kubwa ni mitaro inayochimbwa na malori ya viazi, mitaro ambayo huacha tuta refu katikati ya njia. Kwadi yenye tumbo la chini hukaa juu ya tuta hilo huku magurudumu yote manne yakizunguka hewani bila faida. Hapa ndipo urefu kutoka ardhini hadi kwenye tumbo la mashine unapohesabika kuliko uzito. Kipimo cha sentimita 25 ni cha chini kabisa kwa njia hizo, na 28 hadi 30 kinampa dereva nafasi ya kupumua.

Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari nao haufai kupuuzwa. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, Nakuru mjini takriban 1,850, na Molo karibu 2,500. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusindilia hewa ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo mashine ikifika Molo huwa imepungukiwa na karibu robo ya nguvu ambazo ingekuwa nazo usawa wa bahari. Ile yenye kabureta huongezewa tatizo jingine, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi lakini mafuta hayapungui kwa kadiri hiyo, nayo hutoa moshi mweusi na kuchafua plagi hadi fundi abadilishe jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta. Mfumo wa kuingiza mafuta kwa umeme hujirekebisha wenyewe. Haurudishi nguvu iliyopotea, ila huondoa usumbufu huo. Anayeishi bondeni na kupenda kupanda milimani asinunue ya kabureta.

Sasa tuje kwenye ekseli ya nyuma, jambo ambalo wauzaji hulitaja kijuujuu. Ziko kwadi zenye ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu ya nyuma, na ziko zile ambazo kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka lenyewe. Aina ya kwanza ina vitu vichache vya kuharibika na hutulia vizuri kwenye miteremko ya pembeni, lakini difu yake, yaani sanduku la gia linalopeleka nguvu kwa magurudumu, inaning'inia chini katikati, palepale lilipo lile tuta la malori. Aina ya pili huinua tumbo na kulinda mgongo wa dereva, ila huongeza shafti mbili na mipira minne ya kufunika viungo vyake, ambayo ukijumlisha na ya mbele inafika minane. Mpira mmoja ukichanika, tope na mchanga huingia kwenye kiungo, na kiungo hicho huisha upesi. Kwa mtu wa Mumias au Miwani nina onyo mahususi: visiki vya miwa iliyokatwa kwa panga vina ncha kali za mshazari, na huchana mipira hiyo kama wembe. Huko, ama chukua ekseli ngumu, ama nunua bamba za kukinga mikono ya magurudumu, vile vyuma vinavyoyashikilia kwenye fremu, siku ileile unayonunua mashine.

Kuhusu namna nguvu inavyofika kwenye magurudumu, kwadi nyingi za kisasa, kama vile Polaris Sportsman na Can-Am Outlander, hutumia mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Ni rahisi kuendesha, kwa kuwa hakuna gia za kubadilisha njiani zaidi ya kuchagua ya juu au ya chini mashine ikiwa imesimama, lakini mkanda ukilowa maji huteleza, na ukilazimishwa kwenye tope zito kwa gia ya juu huungua. Harufu yake utaijua: ni ya mpira uliochomeka, na ukishaisikia madhara yametendeka. Honda nyingi za aina ya FourTrax hazina mkanda. Zina gia na klachi inayoogelea kwenye oili, na kwa sababu hiyo hustahimili tope la kudumu kwa miaka. Mimi ningemchagulia jirani yangu hizo, hata kama zinatikisa zaidi. Ukichagua ya mkanda, jizoeze kutumia gia ya chini kila unapoingia topeni, beba mkanda wa akiba, na uangalie tundu la hewa linalopoza sanduku la mkanda liko juu kiasi gani, kwa maana maji huingilia hapo kabla hayajafika kwenye injini. Kama huna bomba la kuinua tundu hilo, usivuke mto ambao maji yake yanapita vikanyagio vya miguu.

Usidanganywe pia na hesabu ya magurudumu. Kuwa na manne si kusema yote manne yanasukuma. Kwadi ndogo za cc 110 hadi 250 zinazouzwa kwa bei nafuu kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa mnyororo, na mnyororo ukioga tope kila siku haudumu. Zinafaa kwenye nyasi. Ya matope iwe na kitufe cha kuunganisha magurudumu ya mbele, na ikiwezekana cha kufunga difu ya mbele, ili gurudumu moja likikosa mshiko lenzake lisisimame kulitazama. Ukikutana na ile ya zamani ya magurudumu matatu, ipite tu. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1988 kwa sababu ya kupindua watu.

Matairi ya kiwandani hufaa njia kavu. Kwa tope tafuta yenye meno ya milimita 25 au zaidi na mapengo mapana ya kutema udongo, lakini usizidishe ukubwa, kwani tairi zito hukula mkanda na shafti. Upepo wake ni mdogo kuliko wa pikipiki ya kawaida, mara nyingi kati ya psi 4 na 7, na geji ya kituo cha mafuta haipimi vizuri kiwango hicho, kwa hiyo nunua geji yako ndogo.

Winchi nyingi hupimwa kwa ratili: ya ratili 2,500 huvuta takriban kilo 1,130, na inatosha kwadi nyepesi; nzito inahitaji ya 3,500. Ongeza kapi moja, kwani kamba ikipitishwa kwenye kapi na kurudishwa, nguvu ya kuvuta hukaribia kuwa maradufu. Katika msitu wa Mau utafunga kamba kwenye mti. Katika Kano mti wa kufungia unaweza kuwa mbali sana, hivyo beba jembe la kuzikia gogo ardhini ili ulifungie kamba.

Kwa mashine iliyotumika, fika asubuhi na umwombe mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Fungua kifuniko cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Shika kila gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au viungo vyake vimechoka. Tazama mapezi ya radieta kama yamezibwa na tope kavu, na uchunguze fremu kama imechomelewa mahali karibu na mikono ya magurudumu. Kisha unganisha magurudumu ya mbele, ingia mahali penye utelezi, na uhakikishe yanasukuma kweli. Namba iliyochapwa kwenye fremu ilingane na iliyo kwenye hati za kuingizia nchini, herufi kwa herufi, kabla hujafungua simu kutuma pesa. Mwisho, mwulize fundi wako, si muuzaji, kama vipuri vya modeli hiyo hupatikana Nakuru au Kisumu au huagizwa kutoka mbali, na kipuri cha kwanza kumwulizia kiwe ule mpira wa shafti.