Korosho ghafi kwa jedwali la kuzidisha

Msimu huu wa korosho hapa Newala, mtoto akikwama kwenye 6 × 7, usimkaririshe kwanza. Mpe ungo wa korosho ghafi azipange sakafuni safu 6, kila safu korosho 7, azihesabu, kisha ahamie upande wa pili azisome kama safu 7 za 6. Anaona mwenyewe kuwa jibu halibadiliki, na karibu nusu ya jedwali la kukariri inampungukia. Akisahau, atenge safu 5 (35), aongeze ile iliyobaki (7). Anayeruka namba akihesabu, njia hii bado haitamsaidia, na kwa 14 × 23 korosho zitakuwa nyingi mno kupanga. Zilizobanguliwa usimpe, zitaliwa kabla ya jibu! Wala asizipasue: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi.