Jinsi ya Kununua Mikusanyiko ya Roki ya Gereji Bila Kupigwa

Ukishika albamu ya mkusanyiko wa roki ya gereji ya Marekani, usihangaike na majina ya bendi yaliyojazana nyuma ya kava. Hutayajua, na anayekuuzia naye huenda hayajui. Tafuta kwanza jina la mtu aliyezichagua nyimbo hizo. Mimi hununua mikusanyiko kama msomaji anavyonunua vitabu, kwa kumfuata mwandishi. Mkusanyaji ana masikio yake, ana chuki zake na maboksi yake ya santuri, na vyote vimo ndani ya albamu utake usitake.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: tarehe 9 Februari 1964 Beatles walipiga kwenye kipindi cha Ed Sullivan, na watu wapatao milioni 73 wakawatazama. Baada ya hapo vijana nchi nzima wakajinunulia magitaa ya bei poa na kuanza kufanyia mazoezi kwenye gereji ya mzazi wa mmoja wao. Walioweza kuchangishana walikwenda studio ya mjini kwao, wakarekodi nyimbo mbili haraka haraka, wakachapisha singo, yaani zile santuri ndogo za mizunguko 45, mia chache tu. Wakaziuza kwenye madansi na kumpelekea mtangazaji wa redio ya hapo nakala moja. Wachache walipenya. "96 Tears" ya ? and the Mysterians kutoka Michigan ilianzia kwenye lebo (kampuni ya kutoa santuri) ndogo iitwayo Pa-Go-Go, ikachukuliwa na Cameo, na Oktoba 1966 ikawa namba moja Marekani. Wengi waliobaki waliitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, au wakaenda chuo, au wakaoa, na singo zao zikasahaulika darini. Hizo ndizo zinazofukuliwa na mikusanyiko.

Masikio matatu ya kuanzia

Anza na Lenny Kaye. Mwaka 1972 lebo ya Elektra, chini ya Jac Holzman, ilitoa Nuggets, santuri mbili zenye nyimbo 27 alizozichagua Kaye, ambaye wengi wanamjua kama mpiga gitaa wa mwimbaji Patti Smith. Watu huiita albamu ya nyimbo adimu, lakini nyimbo zake kadhaa zilikuwa zimevuma redioni miaka michache tu kabla. Alichofanya Kaye ni kuzipanga pamoja na kuziandikia maelezo yaliyozipa heshima, humo akatumia neno "punk" miaka kadhaa kabla halijawa mtindo wa mavazi. Mwaka 1998 Rhino waliitoa upya kama boksi la CD nne lenye nyimbo 118. Boksi hilo ni hazina, ila mimi ningekushauri uzisikilize kwanza zile 27 kwa mpangilio wake wa asili. Nyimbo 118 kwa mara moja zinachosha sikio, unaishia kukumbuka tatu.

Wa pili ni Greg Shaw, mwenye lebo ya Bomp!. Mfululizo wake wa Pebbles ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 ulichimba chini zaidi ya Kaye: bendi ambazo hazikuwahi kuvuka mpaka wa jimbo lao. Matoleo ya mwanzo yana lebo ya BFD na anwani ya Kookaburra, Australia. Usiende kuitafuta kwenye ramani. Anwani ni ya kubuni.

Hapo ndipo inabidi uelewe kidogo habari za sheria, maana ndiyo inayoeleza kwa nini soko hili limejaa kava zisizo na jina la mtu. Rekodi za Marekani za kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa chini ya hakimiliki ya shirikisho. Zilitegemea sheria za majimbo, kila jimbo na lake. Ongeza kwamba lebo nyingi zilishakufa na wenye nyimbo hawajulikani walipo, utaona kwa nini wachapishaji wa magendo walijiachia. Sheria ya mwaka 2018 ndiyo iliyoziingiza rekodi hizo kwenye mfumo wa taifa, na zile zilizotolewa kuanzia 1957 hadi tarehe hiyo ya 1972 zinalindwa mpaka 15 Februari 2067. Kwa hiyo ukiona mkusanyiko mpya usio na jina la mchapishaji, usio na mwaka, na usioshukuru mwanamuziki hata mmoja, jua pesa yako haiendi kwa mzee yeyote aliyepiga ngoma humo. Siwezi kukukataza kununua. Mimi nikiwa na hiari huchagua ile iliyokubaliana na bendi.

Pebbles ina mtego mwingine unaowanasa wengi: namba za LP (santuri kubwa) na namba za CD hazilingani. Ukitafuta wimbo uliousikia kwenye santuri ya namba fulani, ukaagiza CD ya namba hiyohiyo, unaweza kupokea nyimbo nyingine kabisa. Soma orodha ya nyimbo, achana na namba.

Wa tatu ndiye nimpendaye: Tim Warren wa Crypt Records, na mfululizo wake wa Back from the Grave ulioanza 1983. Warren hana muda na saikedelia, maua wala nyimbo laini za mapenzi. Anataka kelele, gitaa lililokwaruzwa na kifaa cha fazi, kijana anayepiga mayowe kana kwamba kesho haipo. Kava zenyewe, zilizochorwa na Mort Todd, zinaonyesha wafu waliofufuka wakiufanyia ukatili muziki wa kisasa, kwa hiyo hakuna anayeweza kulalamika kwamba hakuonywa. Lakini usidanganywe na vichekesho hivyo. Warren aliwatafuta wanabendi wenyewe na kuwahoji, na maelezo yake yanakupa miji, majina na namna singo zilivyorekodiwa. Sikiliza humo "Yeah" ya The Alarm Clocks, vijana wa Parma, Ohio, ya mwaka 1966. Ukiipenda, mfululizo mzima ni wako. Ukiona ni kelele tupu, rudi kwa Kaye, na wala hakuna ubaya.

Baada ya hao watatu, chagua eneo moja badala ya kurukaruka. Mfululizo wa Highs in the Mid-Sixties, uliotoka kwenye lebo ya AIP ya Shaw, umegawa albamu kwa maeneo: Los Angeles, Chicago, Michigan, Ohio, Texas na kuendelea. Hapo sikio linaanza kufunguka. Kaskazini-magharibi, upande wa Tacoma, jimbo la Washington, bendi zilikuwa na saksafoni na mzizi mzito wa ridhimu na bluzi. The Sonics walitoa "The Witch" mwaka 1964 kupitia Etiquette, lebo iliyoanzishwa na wanabendi wa The Wailers, kundi lililowatangulia mjini hapo (si wale wa Jamaika). Shuka Texas ukutane na 13th Floor Elevators wa Austin na "You're Gonna Miss Me" ya 1966, ambamo Tommy Hall anapuliza mtungi uliowekewa maikrofoni na kutoa mlio wa ajabu unaokimbia chini ya wimbo mzima. Ni zama zilezile na ala karibu zilezile, lakini hawafanani hata kidogo.

Na usiwaruke wanawake, ambao wakusanyaji wengi waliwaruka. Girls in the Garage ilianza kutoka 1987. Watafute pia The Luv'd Ones wa Michigan, ambao gitaa la fazi la Char Vinnedge linawaaibisha wanaume wengi wa Pebbles.

Sauti imetoka wapi?

Kanda asilia za bendi hizi nyingi zimepotea. Mkusanyaji hana budi kuinakili singo yenyewe, mara nyingine ikiwa nakala iliyochakaa kwa sababu hajapata nyingine. Si aibu. Ila ni vizuri ujue unachosikia ni uchafu wa nani.

Kuna njia rahisi ambayo sijui kwa nini haifundishwi zaidi. Ukisikia "tik" inayojirudia, chukua saa uipime. Santuri ya mizunguko 45 humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.33, LP ya mizunguko 33⅓ humaliza kwa sekunde 1.8. Ikiwa LP yako inatoa "tik" kila baada ya sekunde 1.8, mkwaruzo uko kwenye santuri yako, iangalie mwangani, ioshe, au mrudishie muuzaji. Ikiwa ni kila sekunde 1.33, mkwaruzo ulikuwa kwenye singo iliyonakiliwa na hakuna sabuni itakayouondoa. Huna haja ya kugombana na mtu. Huhitaji saa ya mbio za Olimpiki pia. Hesabu "tik" kumi kisha gawanya. Kumi za LP ni sekunde 18, kumi za singo ni 13 na kidogo.

Kwenye CD tatizo huwa kinyume. Anayesafisha sauti kwa kompyuta akizidisha, mikwaruzo inaondoka pamoja na uhai: matoazi yanasikika kama yako chini ya maji, na mwangwi wa chumba unakatika ghafla mwimbaji akinyamaza. Mimi nachagua mikwaruzo. Kataa pia stereo ya kughushi. Singo hizi kwa sehemu kubwa zilitolewa kwa mono, na kuzitawanya kushoto na kulia baadaye kunazinyang'anya ngumi yake. Kama kikuza sauti chako kina kitufe cha mono, kibonyeze: kelele nyingi za mfereji wa santuri hupungua papo hapo, kwa sababu taarifa ya mono iko kwenye mwendo wa sindano wa kulia na kushoto, huku sehemu kubwa ya vumbi na uchakavu ikiitikisa juu na chini.

Ukitaka singo yenyewe

Siku itafika wimbo mmoja utakukaba na utataka santuri ya asili. Kabla ya hapo uwe na daftari, la karatasi au la simu, vyovyote: jina la wimbo, bendi, mji, lebo, namba ya lebo, na mkusanyiko ulikoukuta. Mji ni muhimu kuliko unavyodhani. The Outsiders wa Cleveland waliovuma na "Time Won't Let Me" si The Outsiders wa Amsterdam, na vijana wa enzi hizo waliokota majina yaleyale bila kuulizana. Muuzaji asiyeandika mji na namba ya lebo, mwombe picha za lebo, kile kikaratasi cha katikati ya santuri, pande zote mbili.

Omba na picha ya ile sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo, maana hapo ndipo pana siri zote. Alama ya pembetatu ikifuatiwa na namba inaonyesha kiwanda cha Monarch cha Los Angeles. Santuri ambazo kampuni ya RCA iliwachapishia wengine kwa malipo zina namba inayoanza na herufi ya mwaka: S ni 1965, T ni 1966, U ni 1967, W ni 1968. Akikuambia singo ni ya 1965 na namba inaanza na U, ama amekosea ama anakuuzia kitu kingine. Nakala za kughushi mara nyingi hujionyesha kwa maandishi ya lebo yenye ukungu, kwa kuwa yamepigwa picha kutoka lebo ya asili, na kwa namba zilizoandikwa kwa mkono mahali ambapo za asili ziligongwa kwa mashine. Linganisha na picha za nakala zinazojulikana kwenye tovuti za Discogs au 45cat.

Madaraja ya hali huandikwa kwa kipimo cha jarida la Goldmine: M, NM, VG+, VG, G na kushuka. G ni kifupi cha Good, ila usiitafsiri kuwa nzuri. Santuri ya G imepigwa mpaka imechoka. Kwa roki ya gereji VG inatosha ukiwa mvumilivu, maana muziki wenyewe una kelele za kufunika mikwaruzo. Isipokuwa singo za stairini, plastiki ngumu zaidi ya vinili iliyotumiwa na baadhi ya viwanda. Stairini huliwa na sindano mbovu, na inaweza kung'aa machoni huku ikichacharika masikioni. Hizo omba kusikia kipande cha sauti kabla ya kulipa.

Kuhusu bei, tazama zilizouzwa, si zinazoombwa. Tovuti ya Popsike huhifadhi matokeo ya minada, na Discogs huonyesha mauzo yaliyopita. Mtu anaweza kuomba bei yoyote na kuisubiri miaka.

Daftari lile lina kazi moja zaidi. Nyimbo zilezile huzunguka kutoka mkusanyiko hadi mkusanyiko, kwa hiyo kabla ya kununua albamu mpya pitia orodha yake uhesabu ngapi unazo. Zikizidi nusu, mimi naiacha, isipokuwa maelezo ya ndani yawe mapya au sauti imetoka kwenye kanda asilia. Na ukishajikuta una wimbo mmoja mara tatu, baki na ile yenye maelezo bora. Nyingine mbili mpe anayeanza, kwa kubadilishana na kitu usichonacho.