Kufuatilia Pamba kwa Blokcheni, Kuanzia Mizani hadi Lebo ya Shati

Wanunuzi wa nje siku hizi hawaulizi bei tu. Tangu Juni 2022 Marekani huzuia bidhaa zenye pamba ya Xinjiang, jimbo la China, mpaka mwagizaji alete ushahidi mzito kwamba hakuna kazi ya kulazimishwa ndani yake. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2024 kanuni inayofungua njia ya pasipoti ya kidijitali ya bidhaa, yaani rekodi inayoeleza bidhaa imetokana na nini, na nguo zimo mstari wa mbele. Kama wewe ni AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kiwanda au chapa changa inayotumia pamba ya Simiyu au Shinyanga, anza hivi.

Kwanza tuelewane: blokcheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake ziko kwa washirika wengi, haimzuii mtu kuandika uongo. Inamzuia kuugeuza baadaye bila wenzake kuona. Kwa hiyo kazi kubwa iko pale data inapoingia.

Hatua ya 1: Chora njia ya pamba

Tumia karatasi na kalamu. Mkulima, AMCOS, kiwanda cha kuchambua pamba, msokotaji nyuzi, mfumaji, mtia rangi, mshonaji. Kila mzigo unapobadilisha mikono, andika nani anatoa, nani anapokea, na stakabadhi gani inabaki. Pamba nyuzi yetu (iliyokwisha kutolewa mbegu) nyingi huuzwa nje ikiwa ghafi, hivyo usishangae njia ikikukatikia bandarini. Ukikosa msokotaji aliye tayari kuandika rekodi zake, ishia kwenye robota (furushi la pamba nyuzi iliyoshindiliwa kiwandani), na lebo iseme hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Andika matukio

EPCIS, kiwango cha shirika la GS1 cha kuandika safari ya bidhaa, kina maswali manne ya msingi: nini, lini, wapi, kwa nini. Yanatosha. Robota moja linaweza kuandikwa hivi:

robota: SMY-0417
uzito: kilo 182
limetokana na: AM-23, AM-24
tarehe: 2025-08-14
mahali: kiwanda K-02
tukio: kuchambua

Hatua ya 3: Piga hashi

Hashi ni kama alama ya kidole ya faili. Hifadhi rekodi hiyo kama robota-0417.txt, kisha kwenye kompyuta ya Linux andika:

sha256sum robota-0417.txt

Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha 182 iwe 183, rudia, na utaona mfuatano mwingine kabisa. Huo mfuatano ndio unaopanda kwenye blokcheni. Faili lenyewe libaki kwenye seva yako.

Majina na namba za simu za wakulima visipande kamwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kitu kisichofutika hakipatani na haki ya mtu kutaka taarifa zake zifutwe. Tena usijidanganye kwamba namba ya simu ikipigwa hashi imefichika: namba zote zinazowezekana ni chache kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu moja moja.

Hatua ya 4: Chagua mtandao

Washirika wachache wanaofahamiana: Hyperledger Fabric, programu ya blokcheni ya kundi lililofungwa. Ukitaka yeyote ahakiki: mtandao wa wazi kama Ethereum, ambao uliachana na uchimbaji (kompyuta kushindana kukokotoa ili kuthibitisha rekodi) Septemba 2022, kwa hiyo lile lalamiko la kula umeme limepitwa na wakati. Kama kampuni moja ndiyo itakayoandika kila kitu kwenye seva zake yenyewe, tumia hifadhidata ya kawaida, uokoe fedha.

Hatua ya 5: Funga hesabu ya uzito

Hapa usiharakishe. Pamba mbegu (ile inayotoka shambani na mbegu zake) ikichambuliwa hutoa pamba nyuzi kama theluthi moja ya uzito wake, au zaidi kidogo. Andika mkataba janja (programu ndogo inayojiendesha ndani ya blokcheni) wenye kikomo, tuseme asilimia 40. AMCOS ikiwa imesajili kilo 30,000 za pamba mbegu, kiwanda hakiwezi kusajili zaidi ya kilo 12,000 za nyuzi. Kikijaribu kuingiza 13,500, mfumo unakataa, na mtu anaenda kuuliza zile kilo 1,500 zimetoka shamba gani. Weka vikomo vya aina hiyo kwenye kusokota na kukata pia, maana pamba ya kawaida hugeuzwa "hai" (iliyolimwa bila kemikali za viwandani) kwenye makaratasi kwa njia hii hii.

Mizani nayo ikaguliwe, na mkulima apate ujumbe wa simu wenye uzito ule ule alioandika karani. Asipoukubali, rekodi isipande.

Hatua ya 6: Pima pamba yenyewe

Wasokotaji huchanganya marobota ya asili mbalimbali ili uzi uwe sawasawa, na robota lako linaweza kupotelea humo. Toa sampuli za uzi. Kampuni kama Oritain hupima elementi na isotopu kujua pamba imekulia wapi. Hashi ya ripoti iingie kwenye blokcheni pamoja na namba ya kundi la uzi.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuchapa lebo

Okota shati lolote, skani msimbo wa QR, urudi nyuma hadi stakabadhi ya mizani. Mpe simu mtu asiyejua mfumo, afanye peke yake. Atakapokwama, tengeneza hapo kwanza, lebo zisubiri.