Meno bandia yanayokaa na kudumu: mwongozo kutoka meza ya fundi, Malindi

Seti nyingi za juu zinazoletwa kwangu kutengenezwa zimepasuka mahali pale pale: katikati, kuanzia baina ya meno mawili ya mbele kuelekea kooni. Mwenyewe huniomba nitie plastiki ngumu zaidi. Plastiki haina kosa. Baada ya miaka kadhaa mfupa wa ufizi umepungua kulia na kushoto, lakini mfupa wa katikati ya kaakaa haupungui hivyo, basi kila akitafuna seti inapinda kidogo juu ya ule mgongo wa katikati, asubuhi na jioni, mpaka inachoka. Seti isiyokaa haidumu, hata uitengeneze kwa plastiki gani. Ndiyo maana hapa nitasema zaidi habari za kukaa.

Mimi ni fundi wa maabara. Daktari wa meno ndiye anayekagua kinywa na kuchukua vipimo, yaani alama ya umbo la kinywa chako, nami hutengeneza kutokana na vipimo hivyo. Kabla hujampa mtu kinywa chako, tafuta jina lake katika orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno nchini Kenya. Orodha iko mtandaoni, na kijana yeyote mwenye simu nyumbani atakutazamia.

Hatua ya 1: Tayarisha kinywa

Daktari aangalie kama kuna mizizi iliyobaki, usaha, au ufizi unaotoka damu. Mwambie dawa zote unazotumia. Seti nzima ya juu hushikwa na utando mwembamba wa mate kati yake na kaakaa, na baadhi ya dawa za presha hukausha mate. Mwenye kisukari ataje pia, maana vidonda vyake huchelewa kupona.

Kama umeng'oa meno karibuni, ufizi utajifunga katika wiki chache lakini mfupa wa chini yake utaendelea kupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Kwa kawaida hungojewa kati ya miezi 3 na 6 ndipo itengenezwe seti ya kudumu. Ukiwa na harusi mbele yako na hutaki kuonekana kibogoyo, kuna seti ya muda inayovalishwa siku ile ile ya kung'oa. Ichukue ukijua kwamba italegea na itahitaji kujazwa upya upande wa ndani.

Jambo moja nasisitiza. Ukiwa umebaki na chonge mbili za chini na bado zina nguvu, usikubali zing'olewe ili "kurahisisha kazi". Taya la chini ndilo gumu kuliko yote: nafasi ni ndogo na ulimi unasukuma mchana kutwa. Chonge mbili huishikilia seti, na mizizi yake huzuia mfupa usipungue.

Hatua ya 2: Chagua aina

Akriliki, ile plastiki ya waridi, imetumika tangu miaka ya 1930, ilipochukua nafasi ya mpira mgumu uliotangulia. Bei yake ni nafuu, ikivunjika hutengenezwa, na jino jingine likitoka kinywani huongezwa palepale. Ukiwa na meno yanayotikisika na unajua mengine yataondoka, chukua akriliki.

Chuma cha kobalti na kromiamu ni kwa mwenye mapengo machache na meno mengine imara. Ni chembamba, hakivunjiki ovyo, na kwa kuwa chuma hupitisha joto, utaisikia kahawa yako kuwa ni ya moto. Ni ghali, na kuongeza jino baadaye ni kazi.

Nailoni inayopinda inapendwa sana kwa sababu haina ndoano za chuma zinazoonekana ukicheka. Mimi siipendi kwa mapengo makubwa ya nyuma. Ikipinda hukandamiza ufizi, ikikwaruzika ni shida kuing'arisha, na ikilegea si rahisi kuijaza upya. Kwa pengo la jino moja au mawili ya mbele, sawa.

Mwenye uwezo aulize vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazotiwa ndani ya mfupa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza kwamba kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, seti inayoshikwa na vipandikizi viwili iwe ndiyo chaguo la kwanza. Gharama yake si ya kila mtu, lakini ujue ipo.

Usikubali jino "la dakika kumi" linalomiminwa kinywani na kugandishwa kwenye meno ya jirani. Halitoki, halisafishiki, na huoza pamoja na yale liliyoyakumbatia.

Hatua ya 3: Kipimo kichukuliwe mara mbili

Kipimo cha kwanza huchukuliwa kwa unga unaochanganywa na maji, uitwao aljineti. Unatokana na mwani wa kahawia, si ule unaolimwa Zanzibar. Ukitoka kinywani hukauka na kusinyaa, na kwa joto letu la Januari husinyaa upesi. Ufunikwe kwa kitambaa kibichi na umiminiwe plasta bila kuchelewa. Ukiona kipimo chako kimewekwa dirishani kikingoja gari la Mombasa, uliza.

Kutokana na plasta hiyo hutengenezwa trei (kijisahani cha kubebea kipimo) inayofuata kinywa chako mwenyewe, na kwa trei hiyo huchukuliwa kipimo cha pili. Hapo daktari atakwambia utoe ulimi, uuzungushe, uvute midomo, ufungue na kufunga. Ndivyo kingo za seti zinavyojua mwisho wake. Kama hakuna aliyekuomba utoe ulimi, usitarajie meno ya chini kutulia.

Anayetapika trei ikigusa kaakaa aseme mapema. Keti wima, inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua.

Hatua ya 4: Urefu wa uso

Utapewa vipande vya nta ili uviume, tujue taya zako zinakutana wapi na kwa kimo gani. Sema "mmm", kisha uache midomo imetulia: meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana, kuwe na nafasi ya milimita 2 hadi 4. Yakiwa marefu kupita kiasi utachoka taya na yatagongana ukizungumza. Yakiwa mafupi mashavu yatabonyea, na pembe za midomo zitafanya vidonda visivyokwisha.

Hatua ya 5: Jaribio la nta, usiliruke kabisa

Hapa ndipo unapochagua kweli. Meno yamepangwa juu ya nta, bado hayajawa akriliki, na kuyasogeza ni suala la moto kidogo na kisu. Yakishapikwa yakawa akriliki, hakuna kusogeza. Ni kuanza upya. Fundi anayekwambia jaribio si lazima anajipunguzia kazi yeye.

Njoo mchana, uombe kioo, usogee mlangoni. Rangi ya jino chini ya taa si rangi yake barabarani. Wengi huomba jeupe kabisa, nami huwaonyesha kwamba jino jeupe kuliko weupe wa jicho huonekana la bandia kutoka ng'ambo ya barabara. Kama mtu ametumia kahawa au tambuu miaka yote na bado ana meno yake ya chini, ya juu yafuate hayo.

Leta picha ya zamani unayocheka. Picha ya kitambulisho haifai, kinywa kimefungwa. Na kama ulikuwa na mwanya, sema! Wako akina bibi waliosifiwa mwanya wao tangu ujana, wanapewa meno yaliyobanana kama vigae, wakirudi nyumbani hata wajukuu wanawashangaa. Mwanya hupangwa pale pale kwenye nta, bila gharama ya ziada. Njoo pia na mtu wako wa karibu asiyeogopa kukwambia ukweli, dada au binti.

Kisha uyajaribu kwa kusema. Hesabu kutoka sitini hadi sabini, kwa sauti: "s" ikitoka na mbinja, au meno yakagongana, mpango haujakaa. Sema "hafifu", "vuguvugu", "fuvu": ncha za meno ya juu ziguse mdomo wa chini kwa wepesi. Halafu "thelathini", "dhahabu", "fedha", maana hapa ulimi hupita kati ya meno. Mwalimu wa madrasa asome Fatiha nzima papo hapo kabla hajakubali. Nimewaona maalim wakirudisha seti nzuri kwa macho kwa sababu dhali imegeuka zai, na walikuwa na haki.

Usitafune chochote kwenye nta, na usishangae ikiwa haishikilii sana. Msingi wake ni wa muda.

Hatua ya 6: Maswali mawili kabla ya kupikwa

La kwanza: inapikwa kwa joto, au inagandishwa baridi? Msingi wa seti uwe wa kupikwa kwenye maji ya moto, saa kadhaa. Akriliki ya baridi ni ya kutengenezea nyufa. Huacha kemikali nyingi zaidi ndani yake na hushika harufu.

La pili: meno yenyewe ni ya aina gani? Omba kuona kibao ambacho meno hayo huuzwa yakiwa yamebandikwa. Yapo ya akriliki laini yanayolika upesi, na yapo yaliyoimarishwa, ya tabaka kadhaa, yanayodumu zaidi. Ya kauri ni magumu lakini hugongana kwa kelele na kusaga meno yaliyo mkabala nayo, kwa hiyo kwa mwenye meno yake ya asili upande wa pili siyapendekezi.

Hatua ya 7: Siku ya kuvalishwa

Usiondoke kwa haya. Bonyeza magego ya upande mmoja kwa kidole. Upande wa pili usiinuke. Sukuma meno ya juu ya mbele kuelekea nje. Sehemu ya nyuma ya kaakaa isiachie kirahisi. Fungua kinywa nusu. Ya chini yasielee. Uma karatasi ya rangi, alama zitokee pande zote mbili kwa usawa. Seti ya mapengo iingie kwa vidole bila nguvu. Anayeivalisha kwa kuiuma ataivunja ndoano.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Mate yatajaa, kisha yatapungua. Anza na uji, ndizi iliyoiva, samaki asiye na miba, wali. Tafuna pande zote mbili kwa pamoja. Hamri likatwe kwa mkono, usiling'ate kwa meno ya mbele, kwa sababu ukiuma mbele nyuma inainuka. Mishkaki ingoje, halua ndiyo ya mwisho kabisa: hunata na kunyanyua meno ya chini hata kwa wazoefu. Mbegu za mapera zikiingia chini ya seti, toa uoshe.

Ukipata kidonda rudi. Vaa seti saa chache kabla ya kuja ili alama ionekane, na usijaribu tupa ya nyumbani. Wateja wa Amu (Lamu), kwa kuwa safari ni ndefu, panga tangu mwanzo siku moja ya kubaki Malindi baada ya kuvalishwa. Vidonda vingi hujionyesha siku ya kwanza au ya pili.

Hatua ya 9: Kuyatunza

Brashi laini na sabuni ya kawaida. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza. Oshea juu ya beseni lenye maji, seti ikiponyoka isipasuke sakafuni. Maji ya moto hupindisha akriliki, na ikishapinda hairudi. Usiku yatoe, yakae kwenye maji safi; ufizi usiopumzika hufanya fangasi na kuwa mwekundu. Maji yetu ya visima yenye chumvi huacha ukoko: loweka kwenye siki iliyozimuliwa, kisha suuza. Meno yenye chuma usiyaache kwenye siki muda mrefu.

Kwenye boti la Mokowe la kuvukia Amu, wakati wa kusi, anayetapika ayatie kwenye kijaluba chenye kifuniko kabla ya kupanda.

Rudi kukaguliwa kila mwaka. Ukianza kuhitaji gundi ya meno kila siku, seti imelegea na inataka kujazwa upya. Ukifanya hivyo kwa wakati, utaepuka ule ufa wa katikati. Seti nzuri hutumika miaka 5 hadi 10 kabla ya kubadilishwa.

Ikipasuka, usiguse gundi ya dukani. Huyeyusha kingo na vipande havikutani tena. Kusanya vyote, hata kidogo kabisa, uvifunge kwenye kitambaa kibichi, na ulete na seti ya taya la pili.