Wikendi ya Siku Mbili Mjini London: Pa Kula na Pa Kuzunguka

Mtu anayeishi Leeds, Cardiff au Rotterdam, anapopanga kwenda London kwa siku mbili, kwa kawaida huanza kwa kuorodhesha mitaa anayotaka kuiona, ilhali linalopaswa kutangulia ni kuangalia siku, kwa kuwa masoko ya mji huo yana siku zake. Soko la Ridley Road, karibu na stesheni ya Dalston Kingsland, hufanya biashara Jumatatu hadi Jumamosi, na anayefika Jumapili hukuta barabara tupu. Soko la maua la Columbia Road, kwa upande wake, ni la Jumapili peke yake. Zaidi ya hayo, sheria ya England huyaruhusu maduka makubwa, yaani yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 280, kufunguliwa Jumapili kwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo manunuzi mazito yafanywe Jumamosi.

Anayeshuka treni Euston na njaa yake hana sababu ya kula stesheni, kwani Drummond Street, mtaa wa migahawa ya Kihindi isiyo na nyama, uko umbali wa dakika chache kwa miguu. Kutoka hapo, Jumamosi ndiyo siku ya Portobello Road. Soko hilo ni refu na hubadilika kadiri unavyoteremka: upande wa Notting Hill kuna vitu vya kale, mbele kidogo matunda na mboga, kisha nguo za mitumba chini ya barabara ya juu ya Westway. Ni pazuri kwa macho, lakini bei za mwanzoni ni za watalii, na ushauri wangu ni utembee mpaka mwisho kabla ya kutoa pesa. Mwenye kutafuta ndizi za kupika, mihogo, viazi vikuu, nyama ya mbuzi au vitenge asipoteze muda huko. Aende Ridley Road, au Brixton, mwisho wa njia ya Victoria ya treni za chini ya ardhi, ambako vibanda vya Electric Avenue vinapakana na masoko ya ndani yenye migahawa midogo mingi.

Mahali ambapo ningependa kila Mwafrika Mashariki apafahamu, hata hivyo, ni Ealing Road, kati ya stesheni za Wembley Central na Alperton. Familia nyingi za Kigujarati zilihamia sehemu hizi baada ya kuondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na nyingine baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, na zilikuja na mapishi ya Nairobi na Kampala. Ndiyo maana muhogo wa kukaanga, unaoandikwa "mogo" kwenye menyu, ni chakula cha kila siku huko. Maru's Bhajia House, mgahawa wenye asili yake Nairobi, hupika bajia za viazi kwa namna ambayo hutaipata kwingineko kirahisi: kiazi hukatwa vipande vyembamba, hupakwa unga wa dengu wenye kotimiri, hukaangwa mpaka kingo zikauke huku katikati kukibaki laini, kisha huletwa mezani pamoja na chatini ya ukwaju. Ukishakula, tembea taratibu mbele ya maduka ya sari, vyombo na viungo. Msimu wa maembe ukiwadia, masanduku ya maembe kutoka India hupangwa mpaka nje ya milango.

Borough Market, karibu na London Bridge, ni soko zuri la vyakula, lakini Jumamosi mchana hujaa kiasi cha kushindwa kupita, na ni heri kufika asubuhi. Kutoka hapo unaweza kufuata ukingo wa mto kuelekea magharibi hadi chini ya daraja la Waterloo, ambako vitabu vilivyokwisha kutumika hupangwa juu ya meza ndefu, na hakuna anayekuuliza kwa nini unasoma bila kununua. Kwa vitabu vinavyohusu Afrika, duka la Arthur Probsthain, lililoanzishwa mwaka 1903, liko Great Russell Street, mkabala na British Museum, ambayo haitozi kiingilio.

Jumapili ni ya mashariki ya mji. Anza Columbia Road. Wenye maua hupunguza bei wanapokaribia kufunga mchana, ila yaliyo bora huwa yamekwisha. Nenda kwa miguu hadi Brick Lane upitie mitumba, kisha umalizie Tayyabs, Fieldgate Street, mgahawa wa Kipunjabi wa chakula halali unaosifika kwa mbavu za kondoo za kuchoma. Foleni yake ni ndefu jioni, hivyo wahi.

Mabasi na treni lipia kwa kadi ya benki ya kugusisha, kila mtu na yake, na usichanganye kadi na simu, kwa sababu mtambo huzihesabu kama wasafiri wawili na kikomo cha nauli ya siku, yaani kiwango ambacho hutozwi zaidi yake kwa siku moja, hakitakusaidia. Mgahawani, soma bili kabla ya kulipa: ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, kwa kawaida ni ya hiari, na unaweza kuomba iondolewe. Mgahawa wenye leseni ya pombe unalazimika kukupa maji ya bomba bure ukiyaomba. Anayerudi nchi ya Umoja wa Ulaya ajue kuwa haruhusiwi kuingia na nyama wala maziwa kutoka Uingereza, na kwamba mazao mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nazi, mananasi na tende. Mbuzi wa Ridley Road, basi, aliwe kabla ya safari.